Skrubu ya mpini wa kisu ikigoma: namna ya kuitoa bila kuharibu kisu

Visu vya Dar es Salaam vinaishi kwenye chumvi. Kisu cha kuparia samaki pale Feri kinaloa maji ya bahari kutwa, cha buchani kinanyonya damu na mafuta, na hata cha jikoni kinachokaa kwenye droo Kigamboni au Msasani kinavuta unyevu wa pwani mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Siku unapotaka kufungua mpini ili kusafisha uchafu wa ndani, kubadilisha mbao iliyopasuka au kulainisha kisu cha kukunja, skrubu inagoma. Ukiilazimisha, kichwa kinalika, na tatizo moja linakuwa mawili.

Utaratibu wote ulio hapa chini unasimama juu ya jambo moja: legeza nyuzi (ile mizunguko iliyochongwa kwenye shina la skrubu) kwanza, ndipo uzungushe. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaanza na nguvu, kichwa kikishalika ndipo wanatafuta mafuta. Jambo la pili ni kujua unachokilinda. Skrubu ni kitu cha kununua kingine madukani Kariakoo. Mpini uliopasuka au bapa lililopoteza ugumu kwa moto halirudi. Kwa hiyo fuata hatua kwa mpangilio, kuanzia ya upole hadi ya kuiua skrubu, na usiruke.

Jua kwanza unafungua nini

Si kila duara linalong'aa kwenye mpini ni skrubu. Visu vingi vya jikoni na vya bucha vimefungwa kwa ribiti: duara laini la shaba au chuma, lisilo na mfereji wala tundu. Hiyo haifunguki kwa bisibisi. Inatobolewa kwa drili na kuwekwa nyingine. Kuna pia ribiti za nyuzi, ambazo nusu mbili hufungana ndani ya mpini, kisha vichwa husagwa hadi vikawa sawa na mbao. Mfereji wake umeshasagwa, na mara nyingi chini yake kuna gundi. Ukikuta duara laini na mbao zimegandamana na chuma pasipo hata ufa wa kupitisha wembe, huo mpini haukukusudiwa kufunguliwa. Mwongozo huu hauuhusu.

Skrubu halisi utaitambua kwa kichwa chake: mfereji mmoja, nyota ya ncha nne, toksi (nyota ya ncha sita), au tundu la alenki (pembe sita). Visu vya kukunja vya kisasa vingi vinatumia toksi. Saizi zake huandikwa kwa T na namba, na namba ikipanda tundu ni kubwa zaidi. Kwa kawaida klipu ya mfukoni ina T6, mwili una T6 au T8, na ekseli ambayo bapa linazungukia ina T8 au T10. Hizi ni skrubu ndogo, nyuzi zake mara nyingi ni M2, M2.5 au M3 (yaani kipenyo cha milimita 2, 2.5 au 3), na kichwa kidogo namna hiyo hakina chuma cha kupoteza.

Angalia pia upande wa pili. Bolti nyingi za mpini ni jozi: ya kike yenye nyuzi ndani na ya kiume inayoingia humo. Ukishika upande mmoja tu, jozi nzima inazunguka pamoja na unadhani nyuzi zimekufa. Shika upande mmoja kwa bisibisi imara isiyosogea, zungusha mwingine kinyume cha mwendo wa saa.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Bisibisi zenye ncha nzuri ndiyo matumizi ya kwanza ya pesa. Seti wanazotumia mafundi simu zina T5 hadi T10 na zinafaa, ila chagua zile ambazo ncha yake ni chuma kigumu. Zile za bei ya chee ncha hujipinda kabla skrubu haijastuka, na ikijipinda ndani ya tundu ndiyo inayolila. Ongeza hivi: jiliwa au klempu, vipande viwili vya mbao laini, nyundo ndogo ya gramu 100 hadi 200, sindano, mswaki wa zamani, mafuta ya kulegeza kutu, pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, kipande cha tyubu ya baiskeli, na pesti ya kusagia valvu kutoka duka la spea. Drili na biti za milimita 1.5, 2, 2.5 na 3 ziwe karibu, lakini ziwe za mwisho kuguswa.

Funga makali kabla ya kitu kingine chochote

Hatua hii hairukwi. Unapokandamiza bisibisi kwa nguvu zote na ikateleza, mkono unakwenda mahali kisu kilipo. Kunja karatasi ngumu ya boksi, izungushe bapa zima, kisha funga kwa selotepu pana mara tatu au nne. Kisu cha kukunja kikunje kabisa na ufunge tepu juu yake. Halafu bana mpini kwenye jiliwa kati ya vile vipande vya mbao. Usishike kisu kwa mkono mmoja na bisibisi kwa mwingine, hata kama skrubu inaonekana rahisi. Mabanio yabane kiasi cha kutosogea tu. Mpini wa mbao kavu unapasuka ukikazwa sana, na plastiki inabonyea.

Safisha tundu la skrubu

Tundu la toksi lina kina kidogo mno, pengine milimita moja au moja na nusu. Likiwa na magamba ya samaki, mafuta yaliyoganda au kutu, bisibisi inakaa juu ya uchafu badala ya kushika chuma. Ingiza sindano ukwangue kila pembe. Kama ni mafuta ya nyama, tumia maji ya moto na sabuni kwa mswaki, kisha kausha kabisa. Kama ni gundi au rangi, spiriti kwenye kipamba inaitoa. Endelea hadi uone chuma kitupu chini ya tundu. Dakika tano hapa zinaokoa kazi nyingi huko mbele.

Sasa jaribu ncha. Ikae hadi chini na isicheze hata kidogo ukiitikisa kushoto na kulia. Bisibisi ya mfereji ijaze mfereji kwa upana na kwa unene pia. Kwenye alenki kuna mtego: funguo ya milimita 1.5 inaingia kwenye tundu la inchi 1/16, ambalo ni takriban milimita 1.59. Inaonekana imekaa, lakini ile nafasi ndogo inatosha kuziviringisha pembe zote sita. Visu vya Marekani mara nyingi ni vya inchi, kwa hiyo pima kabla ya kuzungusha.

Mafuta na muda

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana nyuzi hukazana zenyewe bila mtu kuzikaza. Kazi ya mafuta ni kupenya humo. Mafuta ya kulegeza kutu ya duka la spea ndiyo bora. WD-40 iliundwa kwa ajili ya kufukuza maji, na kwa kutu nyepesi inatosha. Ukikosa yote, mafuta ya taa yanapenya vizuri kwa sababu ni mepesi. Mchanganyiko ambao mafundi wengi wanauamini ni asetoni na mafuta ya gia ya otomatiki, nusu kwa nusu, lakini asetoni inayeyusha aina nyingi za plastiki na kuondoa vanishi kwenye mbao. Tumia tu pale skrubu inapopita kwenye chuma kitupu. Mafuta ya kula usiyaguse. Yakikaa muda hugeuka utando unaonata, na utakuwa umeongeza gundi.

Kiasi ni tone moja au mawili, si kumwaga. Chovya ncha ya sindano au kijiti cha kiberiti, gusisha pembezoni mwa kichwa, acha yazame, ongeza tone jingine. Kama mpini ni mninga, mpingo au mbao nyingine, zungushia kichwa selotepu yenye tundu katikati ili mafuta yasienee. Doa la mafuta kwenye mbao isiyo na vanishi halitoki kirahisi. Weka kisu kimesimama ili uzito uyavute mafuta chini. Subiri saa moja kwa kutu nyepesi, usiku kucha kwa kisu kilichokuwa kinafanya kazi baharini. Huu ndio mstari ambao watu wengi hawauheshimu.

Gonga kisha zungusha

Weka bisibisi wima ndani ya tundu, gonga kitako chake kwa nyundo mara kumi hadi kumi na tano, kwa nguvu ya kugonga mlango. Mtikisiko unavunja kutu kwenye nyuzi na kuisukuma ncha ikae sawasawa. Kwa skrubu za shaba punguza nguvu. Kwa mpini wa mbao kavu weka kipande cha mbao au kitambaa kilichokunjwa chini ya upande wa pili ili mpini usipasuke.

Sasa zungusha. Kandamiza chini kwa uzito wa bega, na nguvu ya kuzungusha iwe ndogo kuliko ya kukandamiza. Anza kwa kukaza kidogo sana, kama digrii tano za mzunguko. Kile kistuko cha kwanza cha kukaza ndicho mara nyingi huvunja kutu. Kisha legeza. Ikisogea hata robo ya mzunguko, simama, ongeza tone la mafuta, irudishe, ilegeze tena. Kwenda na kurudi huku ni muhimu hasa kwa skrubu ya chuma kisichoshika kutu iliyo ndani ya nyuzi za chuma hicho hicho. Aina hiyo hung'ata: nyuzi zikisuguana kavu kwa nguvu hushikana na kuchomana, na ukiendelea kulazimisha shina linakatika.

Ikigoma bado: joto

Visu vya kukunja vinatoka kiwandani na gundi ya nyuzi. Ya buluu inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, ingawa kwa skrubu ya T6 hata hiyo inaweza kulemea kichwa. Nyekundu inahitaji joto la nyuzijoto 250 hivi hadi ikubali. Chombo sahihi ni pasi ya kulehemu, kwa sababu inapeleka joto kwenye skrubu tu. Weka ncha yake ndani ya tundu kwa sekunde 20 hadi 30, ondoa, jaribu na bisibisi mara moja kabla haijapoa. Rudia mara tatu au nne, ukirefusha muda kidogo kidogo.

Kabla ya joto futa mafuta yote ya taa na asetoni, toa kopo la mafuta mezani, na ufungue dirisha. Zungushia bapa kitambaa kibichi karibu na mpini. Ugumu wa bapa umetengenezwa kwa joto la kiasi, mara nyingi kati ya nyuzijoto 150 na 230. Chuma kikipita hapo kinalainika na makali hayashiki tena. Kitambaa kikiendelea kuwa kibichi, bapa halijapita 100. Ukiona rangi ya njano au buluu inaanza kutokea kwenye chuma, umeshachelewa. Ndiyo sababu tunakataa kabisa jiko la mkaa, jiko la gesi na bomba la moto: moto hauchagui skrubu, unachoma mpini na bapa pamoja. Mipini ya plastiki nayo huanza kulainika hata chini ya nyuzijoto 160, kwa hiyo huko tumia vipindi vya sekunde 10 tu.

Kichwa kikishalika

Hapa acha kuzungusha. Kila jaribio linalochuna linaondoa chuma ambacho ungekihitaji kwa hatua inayofuata. Chukua njia hizi kwa mpangilio.

Pesti ya valvu kwanza. Ina chembe kali ambazo hujikita kati ya ncha na tundu na kuongeza mshiko. Kiasi cha kichwa cha njiti kinatosha. Kandamiza kwa nguvu, zungusha polepole. Kwa nyota ya ncha nne yenye kichwa kikubwa, kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya bisibisi na skrubu kinasaidia. Kwa T6 na T8 raba haiingii, usipoteze muda.

Pili, ncha ya kugongea. Tafuta ncha iliyo kubwa kidogo tu kuliko tundu lililoviringika: T9 au T10 kwa lililokuwa T8, au toksi kwa tundu la alenki lililolika. Igonge kwa nyundo hadi ijichongee pembe mpya, kisha zungusha. Njia hii inafanya kazi mara nyingi kuliko zote, mradi nyuzi zilishalegezwa kwa mafuta na joto. Kichwa kikiwa chembamba sana, gonga kwa tahadhari kwa sababu kinaweza kupasuka.

Tatu, mfereji mpya. Kwa kichwa kilichochomoza juu ya mpini, kata mfereji mmoja katikati kwa msumeno wa chuma au kidisiki cha mashine ndogo. Kina kiwe karibu nusu ya unene wa kichwa. Zaidi ya hapo kinagawanyika vipande viwili. Bandika tabaka mbili za tepu juu ya mpini kuzunguka skrubu ili diski isichore mbao. Kichwa kilichozama ndani ya mpini hakifai kwa njia hii, kwani utakata mpini pia. Kilichochomoza vya kutosha unaweza pia kukibana kwa koleo ya kukaza bila kukata chochote, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Kuhusu kugandisha bisibisi ndani ya tundu kwa gundi: gundi ya epoksi ya kuchanganya, ikiachwa saa 24, inaweza kutoa skrubu iliyokwisha legea lakini haina pa kushikwa. Kwa iliyokazana haifui dafu. Supagluu ni nyepesi, inatiririka hadi kwenye nyuzi na kuzigandisha, kwa hiyo iache.

Ekstrakta za kununua, zile biti za kung'oa skrubu zenye uzi wa kinyume, tunashauri uziache kwa skrubu chini ya M4. Zinahitaji tundu la kuanzia, na kwenye shina la milimita 3 ukuta unaobaki ni mwembamba. Ekstrakta yenyewe ni chuma kigumu kinachokatika ghafla, na ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiigusi. Kisu kikifika hapo hata fundi mzuri wa eneo la Gerezani atakunja uso.

Kutoboa kichwa

Ndiyo njia ya mwisho na, ikifanywa kwa utulivu, ni ya uhakika. Lengo si kutoboa skrubu nzima. Unatoboa kichwa tu hadi kitengane na shina. Mpini unachomoka, na shina linabaki limesimama, likiwa halina tena mkazo wa kichwa.

Tia alama katikati kabisa ya kichwa kwa senta panchi au msumari mgumu. Ukikosea katikati, biti itahama na kula mbao, au itagusa mkia wa bapa, ambao umeshagumishwa, na kuvunjika. Bana kisu vizuri, anza na biti ya 1.5 ili kupata njia, panua kwa 2, halafu malizia na biti yenye kipenyo cha shina: milimita 3 kwa M3, 2.5 kwa M2.5. Kwa kichwa kilichochongwa kama koni, shuka hadi chini ya koni na usiendelee. Kasi iwe ndogo, mkandamizo uwe thabiti, tone la mafuta kila sekunde chache. Chuma kisichoshika kutu kikisuguliwa bila kukatwa kinazidi kuwa kigumu, hivyo usiruhusu biti izunguke bure juu yake. Ikiacha kutoa vumbi la chuma, badilisha biti. Vaa miwani.

Ukipata biti ya mkono wa kushoto, itumie. Inatoboa huku drili ikizunguka upande wa kulegeza, na mara nyingi skrubu inatoka yenyewe kabla kichwa hakijakatika.

Jozi ya kike na kiume inaweza kuzunguka pamoja na biti. Ibane upande wa pili kwa bisibisi yake, au kandamiza mpini kwa klempu ili msuguano uishike. Kichwa kikishang'oka, nyanyua upande wa mpini taratibu, weka mafuta kwenye shina lililobaki, yakishazama yafute, ndipo ulipashe kwa pasi ya kulehemu, bana kwa koleo ya kukaza na uzungushe nenda-rudi. Likiwa limekatikia ndani sawa na chuma, kama nyuzi zinatokea upande wa pili jaribu kulisukuma kwa kulizungusha kutokea huko kwa ncha kali.

Kurudisha

Toa kila chembe ya chuma na kila alama ya pesti ya valvu; zikibaki kwenye ekseli ya kisu cha kukunja zitaisaga. Kisu kinachogusa chakula kioshe kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu ya mafuta ya taa iishe, kisha kikaushe siku nzima kabla ya kufunga mpini.

Usirudishe skrubu iliyolika hata kama bado inaingia. Nunua mpya ukiwa na ya zamani mfukoni ili kulinganisha urefu, nyuzi na umbo la kichwa. Nyuzi za tundu zikiwa zimechoka, pitisha tepu ya nyuzi (chombo cha kukatia nyuzi) ya M3, au toboa kwa 3.3 na kukata M4 kama chuma kina unene wa kutosha. Kwa kisu cha Feri au cha mgahawa wa pwani omba chuma kisichoshika kutu cha daraja A4, kinachostahimili chumvi kuliko A2 ya kawaida, na uepuke skrubu za chuma cheusi kabisa.

Kisu cha kukunja kinataka tone dogo la gundi ya buluu kwenye nyuzi, lisizidi kichwa cha pini, na lisiguse bapa. Kisu cha mpini wa kudumu kinataka grisi kidogo au vaselini badala ya gundi, ili maji ya chumvi yasifike kwenye nyuzi. Kaza kwa vidole vitatu tu vikishika mpini wa bisibisi, si kiganja kizima. Skrubu ya M2.5 haihitaji zaidi. Kazia moja kidogo, nenda ya pili, rudi ya kwanza, ili mpini ukae sawa pande zote. Kitumie wiki moja, kisha pitia skrubu zote mara nyingine kwa bisibisi ile ile, kwani mbao mpya hujibana kidogo na skrubu hulegea.